Jike la Kwanza

Kibabi, 11 Juni 2023

Mdogo wangu Augustine,

Wakati unaisoma barua hii, mbele ya mlango wako amesimama ng'ombe, na nusu ya Buleusa imekusanyika kumtazama. Usishtuke. Ni wako.

Anaitwa Bihogo. Kwetu jina hilo hupewa ng'ombe mwenye rangi nyekundu iliyoiva, na ukimwona juani utaelewa. Mume wangu Kabera na mwanangu Tuyizere ndio waliomleta kwa miguu, kupitia Kalembe. Wape maji ya kuoga kwanza, maana najua watakavyonuka. Ng'ombe bado ana maziwa ya ndama aliyebaki huku, na Kabera anasema ana mimba changa. Kabera hakosei katika mambo hayo, hukosea katika mengine yote.

Simu yako haishiki tangu mnara wenu ulipokufa, kwa hiyo nimekaa chini na kalamu kama zamani za shule. Barua zijazo tutampa Valentin, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Kalembe. Gari lake linapita kwetu, pikipiki zake zinafika kwenu, na ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, hatafungua.

Sasa sikiliza. Tulipokimbia risasi mwaka ule, mimi na watoto, ulitulaza jikoni kwako tangu maharagwe yanapandwa hadi yakavunwa. Mwanamke mwenzangu, hatukuzaliwa tumbo moja, na bado hukuuliza hata mara moja tutaondoka lini. Jambo hilo nimekaa nalo moyoni miaka yote. Kwetu mtu aliyekuhifadhi hivyo hashukuriwi kwa mdomo wala kwa noti. Anapewa ng'ombe.

Ng'ombe wa zawadi ana sheria zake, nazo si nyingi. Hauzwi. Jike la kwanza atakalozaa kwenu linarudi kwetu, ili nyumba zetu mbili zisisahauliane. Na kuanzia leo, ukitaka watu wakuamini, unaapa kwa jina langu: naapa kwa Mukakalisa aliyenipa ng'ombe. Kabera ameapa hivyo kwa marehemu mjomba wake maisha yake yote, hadi nikamwambia siku moja kwamba naona nimeolewa na huyo mjomba.

Huku majani yamekuwa ya njano kabla ya wakati. Mvua ya mwisho ilikatika mapema mno. Lakini tumeona mengi, na hili litapita.

Nisalimie simbilisi wako, wale panya wasio na mkia waliokuwa wakinipita usoni nikilala jikoni kwako. Waambie sasa kuna mnyama wa kweli nyumbani.

Dada yako,
Mukakalisa


Buleusa, 30 Julai 2023

Dada yangu Mukakalisa,

Naapa kwa Mukakalisa aliyenipa ng'ombe kwamba sijapumzika tangu ng'ombe huyo afike.

Usicheke. Bihogo amekula majani ya muhogo ya jirani. Amekula migomba michanga ya mume wangu Zéphyrin. Jumapili iliyopita, mtu aliyekuwa na zamu ya kumchunga alisinzia, naye akafika kanisani. Binti yangu Kétsia aliingia katikati ya mahubiri akipiga kelele, "Mama, ngombe iko nakula maua ya padiri!" Padri mwenyewe alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechoka mno. Huku hakuna malisho, unakujua. Ni mashamba, migomba, mto, halafu msitu. Kila asubuhi mtu mmoja wa nyumba hii anatembea na ng'ombe na hashiki jembe.

Shemeji Kabera alitufundisha kukamua kabla hajarudi. Zéphyrin alivuta chuchu weee, hakuna kitu. Kabera akamwambia, "Papa Kétsia, uimbe kwanza. Kama hauimbe, maziwa haishuke." Mume wangu hajaimba tangu siku ya ndoa yetu. Nyimbo anazozijua ni za kwaya, na katika hizo anakumbuka za Kwaresima tu. Sasa kila alfajiri anamwimbia ng'ombe mateso ya Bwana, na ng'ombe anatoa maziwa taratibu, ameinamisha kichwa.

Lakini maziwa yapo. Watoto wameanza kung'aa mashavu. Mbolea naikusanya, nimeiweka kwenye maharagwe, na wazee wa kijiji wanaopita wanasimama kuangalia shamba langu. Sikujua jinsi ya kukuambia asante katika barua. Nilijaribu mara kadhaa nikapasua karatasi. Hakuna mtu wa nyumba hii, tangu babu zetu, aliyewahi kupewa kitu kikubwa hivi.

Simbilisi wako salama na wanakusalimia. Wanasema hao panya ndio waliokuwa wakikupasha joto.

Augustine, uliyempa ng'ombe


Kibabi, 8 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea Kabera mbele ya zizi. Habari ya Kwaresima ilimfanya akae chini kwa kucheka. Anasema mwambie Zéphyrin ajaribu Pasaka, huenda maziwa yakaongezeka.

Jihadharini na kupe. Bihogo ni mtoto wa baridi, huko kwenu kuna joto na majani marefu, na kupe wanapenda mgeni. Watoeni kwa mkono kila jioni, masikioni na chini ya mkia, muwachome. Mkichoka, fanyeni tu. Sisi pia huchoka.

Mvua ya sezo A, ile ya msimu wa kwanza wa kupanda, haijaja. Tulizoea kuisikia Septemba, sasa ni Oktoba na mlima bado ni vumbi. Tuyizere anawapeleka ng'ombe mbali, anarudi nao giza likiwa limeingia, na matumbo yao yako vilevile yalivyotoka. Wawili wameanguka. Tumewahi kupoteza wawili, si jambo la kukupa mawazo. Nafurahi kwamba Bihogo yuko kwenu kwenye kijani. Kabera huamka asubuhi akisema, "Yeye angalau anakula."

Akikaribia kuzaa utaniandikia. Nitataka kujua rangi.

Mukakalisa


Buleusa, 7 Januari 2024

Dada Mukakalisa,

Heri ya mwaka mpya, kama huko umefika. Huku bado tuko katika ule wa zamani.

Mvua mliyokuwa mkiisubiri ninyi ilikuja kwetu yote. Mwisho wa Novemba ilinyesha bila kupumzika, na mchana mmoja tukiwa tunakula, mlima ulio nyuma ya mto ulishuka. Haukumuua mtu, Mungu asifiwe. Ulichukua shamba letu la maharagwe lote, lile lililokuwa likitazamwa na wazee, na la jirani pia, ukayapeleka mtoni. Tulipopalilia sasa pana udongo mwekundu na mawe. Zéphyrin alikwenda kusimama pale na jembe begani hadi jua likashuka. Nilimfuata nikamwambia aje ale. Akanijibu, "Nikule nini? Chakula iko mu mutoni." Hakuwa na hasira, alisema tu.

Desemba nzima tumeishi kwa Bihogo. Maziwa ya asubuhi walikunywa watoto, ya jioni nilibadilisha na unga wa muhogo kwa mama mmoja mwenye kichanga. Nimeapa kwa jina lako mwezi huo hata pale ambapo hakuna aliyenibishia. Na simbilisi tumewala, karibu wote. Wamebaki majike matatu na dume moja, nimewaficha nyuma ya mtungi ili Zéphyrin asiwaone.

Sasa maziwa yamekauka kwa sababu ya mimba, kama shemeji alivyosema yatakauka. Kupe tunatoa, lakini kesho yake wamerudi. Hapa hakuna daktari wa wanyama wala dawa yao. Mbavu za Bihogo naziona nikiwa mlangoni. Kétsia naye amekonda, na miguu yake imeanza kuvimba. Namkandamiza kidole pale kwenye kifundo, shimo linabaki.

Niulize kitu, na ni kuuliza tu. Kwenu, mtu aliyepewa ng'ombe akiingiliwa na njaa nyumbani, anafanya nini?

Augustine, uliyempa ng'ombe


Kibabi, 2 Februari 2024

Mdogo wangu Augustine,

Swali lako limenitia baridi. Kwetu mtu huyo anamwambia aliyempa ng'ombe, na aliyempa anatuma chakula. Basi umeniambia, nami nakutumia jibini mbili na mfuko wa unga wa mahindi kwa gari la Valentin. Ningetuma zaidi, ni barabara tu mbaya.

Lakini hauzwi, Augustine. Nataka tuelewane hapo. Babamkwe wangu alimpa ng'ombe mtu wa kijiji cha jirani, rafiki yake wa tangu ujana. Mtu yule akamuuza ili aezeke nyumba kwa mabati. Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai. Babamkwe alipita mbele yake kila siku ya soko hadi alipokufa, bila kugeuza shingo, na siku ya mazishi rafiki yule alisimama nje ya ua, hakuna aliyemwambia aingie. Mimi niliolewa hapo nikayaona kwa macho yangu.

Ng'ombe wetu ni wazima. Kabera ana kikohozi kidogo cha vumbi. Anaulizia ndama kila anapokula. Anataka jike kuliko watu wanavyotaka mjukuu, na ameshachagua mahali pa kulifunga.

Mpe Kétsia jibini kidogo kidogo, tumbo lililozoea njaa halitaki haraka.

Mukakalisa


Buleusa, 5 Machi 2024

Papa Valentin,

Nakuandikia wewe leo, si kukupa barua ya kubeba.

Jibini na unga vimekwisha. Mvua za sezo B, msimu wa pili wa kupanda, zimeanza na sina hata punje ya kupanda. Tusipopanda mwezi huu, hakuna cha kuvuna mwezi wa saba, na Kétsia hatafika mwezi wa saba. Nimeliandika hilo, usinifanye niliandike tena.

Bihogo naye yuko karibu kuzaa, na asubuhi hasimami mpaka tumsukume. Akizalia hapa atakufa yeye na ndama wake. Yule mfugaji wa Kalembe, Jean-Bosco, mwenye malisho juu mlimani na dawa ya kupe, mwulize kama atampokea. Sitaki noti. Noti huku zinaliwa siku hiyohiyo. Nataka mbuzi majike, na maharagwe ya mbegu. Mbuzi hujitafutia kichakani, huzaa upesi, na mmoja akiondoka wengine wanabaki. Ng'ombe mmoja ni mmoja. Huwezi kula mguu wake ukaacha mitatu itembee.

Nimesoma jibu la dada yangu hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Najua ninachofanya. Najua atapita mbele yangu bila kugeuza shingo. Nimemtazama mwanangu, nikamtazama ng'ombe, na ninao uwezo wa kumwokoa mmoja kwa mwenzake, labda wote wawili.

Kibabi usiseme. Nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu.

Augustine, mke wa Zéphyrin


Kalembe, 15 Machi 2024

Mama Kétsia,

Amani ya Bwana.

Kazi imefanyika. Ng'ombe amefika mlimani kwa Jean-Bosco, amepakwa dawa, jana alikula akiwa amesimama. Vijana wangu wanakuletea mbuzi majike sita na beberu mmoja, na mbegu ziko kwenye gunia lenye kamba nyekundu. Zifungue leo uzianike, zisipate unyevu. Beberu ana tabia mbaya, mfunge mbali na nguo.

Umeniomba ninyamaze, nitanyamaza. Lakini mimi ni mtu wa duka, Mama. Nabeba chumvi, sabuni na mafuta ya mawese. Nimechoka kubeba na yale ambayo watu hawataki kuambiana. Upande wa Kibabi nako nimeombwa ninyamaze. Nilipita barabara yao juzi, na kwenye malisho niliona mifupa mingi kuliko majani. Zaidi ya hapo usiniulize, na ukimwandikia dada yako usiseme nimesema.

Nawaombea ninyi wawili katika misa moja.

Valentin


Buleusa, 12 Mei 2024

Dada Mukakalisa,

Salamu. Sisi tupo. Tumepanda juu zaidi safari hii, mbali na ule mlima mbovu, na maharagwe yameota. Kétsia ameanza kucheza na wenzake, akichoka anakaa.

Bihogo hajambo.

Ninyi je? Ng'ombe wenu je? Niambie kweli.

Augustine


Kambini, Masisi, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Uliniuliza ng'ombe wetu je, ukataka kweli. Nimekaa na swali hilo tangu lilipofika. Leo nimechoka kutolijibu.

Hakuna ng'ombe, Augustine. Nilipokuandikia Februari kwamba ni wazima, katika kundi zima walikuwa wamebaki wanne. Kiangazi kile kiliwamaliza nyama. Mvua ilipokuja, ilikuja na baridi na mawe, na ng'ombe aliyekonda hana cha kupigania. Walianguka majani mabichi yakiwa mdomoni, hilo ndilo lililomuumiza Kabera, kwamba walikufa chakula kikiwa kimeshafika. Wale wanne walichukuliwa na watu wenye bunduki siku tuliyokimbia Kibabi. Tuyizere alitaka kuwafuata, nikamshika shati hadi likapasuka. Yuko Goma sasa, anabeba mizigo sokoni.

Sisi tuko chini ya turubai. Kabera hasemi. Ukimpa chakula anapokea, ukimwambia asogee anasogea. Lakini amezoea kuongea na ng'ombe tangu alfajiri, na sisi watu alitupa mabaki ya maneno, kwa hiyo sasa hakuna kitu. Anakaa nje na fimbo yake ya kuchungia, anatazama mlima usio na mnyama. Wanawake wa kambini wananiuliza kama alizaliwa bubu.

Nilikuficha kwa aibu. Aliyetoa ng'ombe atamwambiaje aliyepewa kwamba yeye hana? Ungemfunga Bihogo kamba ukamrudisha, nakujua, na zawadi iliyorudi haina maana tena. Nikaona bora niseme ni barabara mbaya.

Sasa naomba. Bihogo ni wako, simdai. Lakini lazima ameshazaa, ingawa hukuniandikia rangi. Kama ni jike, jike hilo ni letu. Wakubwa wa kambi wamekubali tufunge mnyama mmoja nyuma. Valentin atafika kwenu mwanzoni mwa Septemba na gari litamsubiri Kalembe. Mpe, hata kama bado linanyonya. Nataka Kabera alishike masikio. Sina ombi lingine duniani.

Mukakalisa, aliyekupa ng'ombe


Buleusa, 3 Septemba 2024

Dada yangu Mukakalisa,

Valentin amekaa kwenye kigoda changu, anasubiri ndama, na anajua kwamba sina ndama. Nimemwomba anipe muda niandike. Anakula maharagwe yetu.

Bihogo hayuko kwangu tangu Machi. Nilimtoa. Amekwenda kwa Jean-Bosco, mfugaji wa Kalembe, na mahali pake wakaja mbuzi na mbegu. Nilikuandikia kwamba hajambo, na ni kweli hajambo. Nilichagua maneno hayo ili nisikudanganye, na nilikudanganya.

Hakuchinjwa. Amenenepa. Machi hiyohiyo alizaa jike, Mukakalisa, jekundu kama yeye. Barua yako ilipofika, nilimtuma Zéphyrin mlimani akaombe, akapiga magoti. Jean-Bosco alikataa, na hana kosa. Alipokea ng'ombe anayekufa, akamwuguza, na ndama alizaliwa zizini kwake.

Nataka tu ujue ng'ombe wako alifanya nini, maana hukuwepo kuona. Mbegu zile tulipanda. Mwezi wa tano mvua ikawa mbaya tena, maharagwe machache tuliyopanda bondeni yakaoza, nikatoa mbuzi mmoja kwa unga, na tukala huo unga hadi ya juu yakakomaa. Kétsia alipopata homa, nikatoa wa pili. Waliobaki wamezaa. Samadi yao na ya simbilisi ndiyo imelisha shamba la juu. Wale simbilisi wa nyuma ya mtungi wamejaa tena jikoni, wananipita miguuni nikipika. Kétsia yuko hapa pembeni, ananisukuma kiwiko, anauliza naandika nini kirefu hivyo. Yuko hai kwa sababu ya Bihogo. Ningerudi Machi ningefanya vilevile, na ningelia vilevile.

Tangu siku ile sijaapa kwa jina lako. Majirani wamegundua, wameniuliza kama tumegombana. Nimewaambia sina haki tena.

Mahali pa jike la kwanza natuma nilicho nacho. Mbuzi majike wawili wenye mimba, na kapu la simbilisi, majike matatu na dume. Najua nyumba yenu haijawahi kufunga mbuzi, na hao wa kapuni uliwaita panya. Wakikutia aibu, wape watu. Lakini wanakula majani yoyote, wanalala chini ya kitanda, na ukikimbia unawabeba kifuani. Ng'ombe habebeki.

Mwambie shemeji Kabera kwamba... Hapana, usimwambie kitu.

Augustine


Kambini, Masisi, 15 Desemba 2024

Augustine,

Usidhani ni barabara peke yake iliyonichelewesha, ingawa Kalembe ilifungwa kwa risasi na Valentin hakuonekana wiki nyingi. Nilikuwa na hasira. Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mkeka na sikutaka kukujibu. Niliona lile ua, na yule rafiki wa babamkwe amesimama nje, na nikakuweka wewe mahali pake.

Nilimwambia Valentin arudi na wanyama wako. Akasema, "Mama, mi niko na gari ya kubeba chumvi. Aibu yenu mutabeba benyewe." Akashusha mbuzi, akashusha kapu, akaondoka.

Mbuzi niliwafunga nyuma ya turubai nikiwa nimejifunika kitenge usoni. Mke wa Kabera na mbuzi! Kabera alipowaona aligeukia upande wa pili. Kapu sikulifungua, walilifungua watoto wa majirani, wakaanza kuleta majani bila kutumwa. Oktoba kifua cha Kabera kilibana, pumzi ikawa inakuja kwa kukatika. Mbuzi mmoja aliingia zahanati kama malipo, na Kabera akatoka. Mwingine amezaa mapacha. Nilianza kukusoma tena baada ya hapo, taratibu.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha juu ya kambi, maji yakapita katikati ya mahema. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya bomba. Nilirudi mbio nikamkuta Kabera amesimama kwenye maji hadi magotini, kapu lako kaliinua juu kwa mikono miwili. Mikeka imekwenda, sufuria imekwenda, hakushika kingine. Maji yalipopungua, niling'oa majani pale pale nikawapa wale wanyama. Akanipokonya. Akasema, "Weye mwanamuke, hii majani iko na maji! Unataka kubaua?"

Augustine, sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Kibabi. Nililia kwa nguvu hadi majirani wakaja wakidhani amekufa.

Tangu siku hiyo anaongea, na zaidi ananigombeza mimi. Anaanika majani kwenye kamba kabla ya kuwapa. Amewapa wote majina ya ng'ombe wetu waliokufa. Anawaimbia nyimbo za kukamulia, wanyama wasiokamuliwa, na hakuna wa kumwambia kitu. Kinamama wakija kuomba jozi ya kufuga, anawapa, lakini kwanza anawakalisha chini na kuwasomea sheria: hawauzwi hadi wamezaana, na jike la kwanza linarudi. Sasa ukipita kambini utasikia watu wanaapa kwa Kabera aliyewapa simbilisi. Wanacheka wakiapa, lakini wanaapa. Na watoto wao wanakula nyama Jumapili.

Mimi sijawahi kuapa kwa jina la mtu aliyenipa. Katika maisha yangu ni watu walioapa kwa langu. Juzi bombani mwanamke mmoja alisema nimeruka foleni, nikainua mkono mbele ya wote nikasema, "Naapa kwa Augustine aliyenipa, sikuruka!" Lilitoka lenyewe. Nikachota maji yangu nikarudi nayo.

Bado nimechoka. Turubai linavuja upande wa kichwani, na Kibabi hakuna anayejua tutarudi lini. Lakini sheria ni sheria. Wale wa kapu lako wamezaa huku, na jike la kwanza linarudi kwenye nyumba lilikotoka. Valentin anakuletea ndani ya kofia yake, amelalamika sana. Lina rangi nyekundu iliyoiva. Kabera ameliita Bihogo.

Huyu usimtoe.

Mukakalisa, uliyempa